Mbeleko ya Ghorofa ya Tano

Siku niliyopanda ghorofa ya tano nilikuwa nakwenda kugombana. Nalisema hili mapema, maana wanaoniona kwenye picha nimesimama katikati ya wale wachezaji wa dansi, meno yote nje, wanadhani nilialikwa. Sikualikwa. Nilipanda na mtoto mgongoni, selotepu ikining'inia mkononi kama bangili, na maneno makali nimeshayapanga kwa Kichina tangu ngazi ya kwanza.

Stoo yetu iko hapa Guangzhou, ghorofa ya nne, kwenye jengo kuukuu ambalo zamani lilikuwa kiwanda. Tunafungasha mizigo ya wafanyabiashara wa Dar na Unguja, mimi, mume wangu, na dada yake, yaani wifi yangu. Mikoba kutoka mji wa Shiling, mashuka, mapazia, chochote kinachokubali kukandamizwa tunakifunga robota, gari linakuja, kinakwenda bandari ya Huangpu. Mashine ya kukandamizia naiendesha mimi, na ile mashine haitaki mtu mwenye mtoto mgongoni. Ukiinama naye, kichwa chake kinakaribia chuma. Kwa hiyo kazi yangu yote ilitegemea jambo moja: binti yangu wa miezi kumi na mmoja alale mchana, kwenye kitanda nilichomtengenezea kwa maboksi na godoro.

Na alikuwa analala vizuri tu, mpaka walipohamia wale wa juu.

Du. Kimya. Du. Miguu ishirini inakanyaga sakafu kwa pamoja, halafu wanangoja mpaka unadhani wameacha, halafu du. Mtoto anashtuka, analia, namchukua, mashine inasimama. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili mume wangu akasema neno ambalo naona alikuwa nalo mfukoni siku nyingi.

"Wifi yako anarudi Dar wiki mbili zijazo. Mtoto mdogo anapakatwa tu, hahitaji kiti. Aende naye kwa mama, akae huko mpaka akue kidogo."

"Akue kidogo ndio nini? Mwezi? Mwaka?"

"Mpaka mambo yatulie."

Mambo ya Guangzhou hayajawahi kutulia tangu nifike. Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo siandiki hapa. Sio mtu mbaya, alikuwa amechoka, na mzigo wa watu ulikuwa umelala sakafuni. Lakini paspoti ya mtoto alikuwa ameshaitoa kabatini na kuiweka juu ya ile ya wifi. Niliziona pale mezani, moja juu ya nyingine. Ndipo nikapanda ngazi.

Mlango wa ghorofa ya tano ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza kuona ni yule kijana wa kuleta chakula, kofia yake ya pikipiki kichwani, gunia la mchele la kilo kumi mgongoni, anazunguka ukumbi taratibu huku anacheka peke yake. Nyuma yake wachezaji kumi, pekupeku, na magunia yao. Vioo vyote vimebandikwa magazeti. Muziki hakuna. Kwenye kigoda cha plastiki ameketi mama mmoja mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanafunzi, kikombe cha maji ya moto mkononi. Ananyanyua kidole, wanakanyaga. Du.

Halafu nikaona mchezaji wa mwisho. Msichana huyo hakuwa na gunia. Alikuwa na mdoli, na mdoli amefungwa kwa kanga. Doti nzima, haijakatwa, haijapindwa, imepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na mdoli amepandishwa huko juu mabegani kama begi la shule.

Nikaona moto. Nilidhani wanatuigiza. Nilidhani wanakaa huko juu wanawacheka wanawake wa Kiafrika wanaobeba watoto.

Kichina changu ni cha sokoni. Najua kusema ghali mno, sitaki, lete kingine, bosi usinidanganye. Kwa hayo hayo nikamgombeza. Nikamwita laoban, bosi, nikamwambia mtoto wangu halali kwa sababu yake, kitu chake ni kibovu, sikitaki, na ile kanga imefungwa na mtu asiye na akili. Mama yule akanisikiliza hadi mwisho. Wachezaji wakaangalia vidole vya miguu yao.

"Mimi si laoban," akasema. "Wao wananiita mwalimu. Kanga niliifunga mimi. Nionyeshe akili."

Akanyoosha kidole kuelekea magunia, maana kwake kulikuwa na sheria moja: hakuna kuingia ukumbini kutazama. Anayeingia anabeba, anazunguka mara moja, awe mleta chakula, awe mwenye jengo. Kidole kikafika nusu, akaona kichwa cha binti yangu kinachungulia begani, akakishusha.

"Wewe umeshabeba," akasema.

Ningeondoka. Lakini ile kanga ilikuwa inaniumiza macho. Nikamvua yule msichana mdoli, nikaomba mkasi, nikakata doti katikati, vipande viwili kama inavyotakiwa. Nikamshusha binti yangu. Nikainama mpaka mgongo ukawa meza, nikamshika makwapani, nikamrusha juu ya bega, nikamwachia ili nichukue kanga.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Wao hawajawahi kuona. Kwetu ni jambo la kila siku, hata hulifikirii: kuna muda mfupi hapo katikati ambapo hakuna anayemshika mtoto. Mikono yako iko kwenye kanga. Mtoto ndiye anayekushika wewe. Binti yangu anaujua huo muda, anajibandika kama mjusi, mashavu yote mgongoni. Nikapitisha kanga, nikaikaza chini ya makalio yake, nikafunga kifuani, nikanyanyuka.

"Hapa," nikampiga yule msichana kwenye nyonga. "Uzito unakaa hapa. Sio mabegani. Nyie mnabeba kama mnakwenda shule."

Mwalimu alikuwa amesimama. Baadaye waliniambia wiki mbili zote walikuwa hawajamwona akinyanyuka kwenye kile kigoda wakati wa mazoezi, kwa sababu ya magoti yake.

"Zai lai," akasema. Tena.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupanda kila siku saa saba, wifi akishika mashine. Nikawafundisha kurusha mdoli mgongoni. Kuna kijana mmoja mrefu, anaruka juu kama amefungwa springi, mguu anaupeleka anakotaka, lakini mdoli alimwangusha mara sita.

"Umeua," nikamwambia.

Mara ya saba kichwa cha mdoli kikang'oka kikabingirika hadi chini ya kigoda cha mwalimu. Mwalimu akakiokota, akakitazama usoni, akakiomba radhi kwa heshima zote. Binti yangu akacheka mpaka akapata kwikwi. Sikumbuki lini nilicheka hivyo tangu nifike mji huu.

Habari zake alinipa vipande vipande, kwa Kichina cha taratibu ili nimfuate. Amezaliwa Taiwan, kusini, mama yake alishona miavuli kiwandani. Alianza dansi na miaka kumi na minne, baba yake akakaa mwaka bila kumsemesha. Akaenda nje kusoma, akarudi, akawa na kundi lake miaka mingi, akatunga dansi ambazo watu walizipigia makofi na nyingine ambazo walitoka katikati. Hapa aliitwa atunge moja na vijana wa mji huu, naye akaja na kitu kimoja tu kichwani: mama yake alimbeba mgongoni kwa kitambaa cha maua, na yeye anataka watu wakione alichokiona akiwa huko mgongoni. Siku hizi wanawake wananunua vibebeo vya vifungo na mikanda. Alikuwa hajaona kitambaa kikifungwa kwa mkono miaka mingi, mpaka aliponiona mimi kwenye lifti.

"Kumbe ulikuwa unanitazama," nikasema. Hasira zikanipanda kidogo, za mazoea.

"Kila siku," akajibu bila aibu. "Ndiyo maana nikanunua ile kanga."

Siku tisa kabla ya safari nikamwambia ukweli: mtoto anaondoka, na akiondoka mimi huku juu sipandi tena, maana sitaweza kuona mtu anabeba mdoli. Akazungusha kikombe chake.

"Mimi pia nilipelekwa kwa bibi," akasema. "Mama alikuwa na kazi. Nilikuwa na miaka miwili. Nikarudishwa na sita. Sura yake niliijua, bibi alikuwa na picha ukutani. Shingo yake sikuijua. Kabla sijapelekwa nilikuwa nimeizoea mno, halafu nikasimama nyuma yake jikoni nikaona shingo ya mtu mwingine."

Hakunishauri kitu. Akanyanyua kidole, wakakanyaga.

Kesho yake gari la Huangpu lilifika mapema kuliko tulivyopanga. Mume wangu akanitafuta stoo nzima, wifi akamwonyesha dari. Akapanda akiwa ameshika orodha ya mizigo, uso umekunjamana. Mimi nilikuwa katikati ya mstari, mtoto mgongoni, wachezaji kumi wananizunguka wakikanyaga sakafu kwa nguvu zao zote, du, du, na binti yangu amelala. Amelala fofofo, mdomo wazi, mate yananitiririkia shingoni. Mimi mwenyewe nilikuwa sijatambua. Kumbe zile siku zote kelele zimempitia mgongoni kwangu mpaka amezizoea.

"Mama," mume wangu akaita mlangoni. "Gari."

Mwalimu akamwonyesha magunia. Mume wangu akamwambia kwa Kichina, kizuri kuliko changu, kwamba yeye amekuja kumchukua mkewe tu. Mwalimu akatikisa kichwa. Anayeingia anabeba.

"Anataka nini huyu?" akaniuliza.

"Anataka uvue viatu."

Akavua. Alipokwenda kuchukua gunia, mwalimu akalisukuma pembeni kwa mguu, akamwelekeza kwangu. Mume wangu amebeba kila kitu duniani, majenereta, marumaru, friji, lakini mbeleko hajawahi kuivaa. Wanaume wa kwetu wakimwona watamcheka mpaka Kariakoo ijue. Akaangalia mlango. Akainama.

Nikampandishia mtoto. Ule muda wa kuachia ulipofika nikamwambia, "Tulia, atakushika." Binti yangu, usingizini, akajibandika. Nikafunga kanga kifuani kwake, ikamkaa fupi kwa sababu ya kitambi. Kijana mrefu akajikaza asicheke, akashindwa.

Akazunguka. Hatua za kwanza alitembea kama amebeba mayai. Nusu ya ukumbi mtoto akageuza kichwa, akatafuta mahali, akaweka pua yake nyuma ya shingo ya baba yake, akashusha pumzi ndefu. Mume wangu akasimama. Wachezaji wakasimama naye. Akabaki hapo na ile orodha ya mizigo mkononi, dereva anapiga honi huko chini, na hakuna aliyemharakisha.

Kwenye ngazi, mtoto bado yuko kwake, akasema bila kunitazama, "Mwambie wifi yako asafiri peke yake."

"Mwambie mwenyewe. Ni dada yako."

Wifi hakununa. Alikuwa ameshanunua mdoli wa kumbembeleza mtoto ndegeni, akanipa uwanja wa ndege wa Baiyun, pale kwenye foleni. "Wapelekee wale wauaji wako wa juu," akasema. Kifuani alikumbatia mkoba wa Shiling, mwekundu, mkubwa kuliko mtoto.

Tuliporudi mume wangu akaenda stoo na binti yake mgongoni. Siku hizo ungemwambia amshushe angekuuma. Mimi nikapitiliza juu kupeleka mdoli. Nikaingia, nikamkabidhi mwalimu, nikataka kukaa kwenye dirisha niwatazame kidogo.

Kidole kikanyooka kuelekea magunia.

"Mwalimu, mimi?" nikasema. "Mimi ndiye niliyewafundisha."

Akauangalia mgongo wangu. Ulikuwa mtupu.

Nikabishana naye, kwa Kichina changu chote, na sikushinda. Nikainama, nikalirusha gunia mgongoni, nikazunguka na kilo kumi za mchele huku wale vijana wakinipigia kelele kwamba nabeba kama nakwenda shule.