Fyuzi ya Ampea Tano

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mdomo uliozidi umri huo. Nilikuwa najifunza ufundi redio hapa Songea, kwenye kibanda cha Fundi Anselmo. Siku hiyo mzee alikuwa amekwenda Peramiho kumjulia hali mgonjwa, nami nikajiona ndiye mwenye kibanda.

Akaja Bi Mwanaidi, mama mmoja kutoka kijiji cha Lusewa aliyekuwa akikaa kwa kaka yake mjini, amebeba redio kaseti iliyozimika. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, baba. Kaseti imo humo humo. Ni kaswida aliyosoma binti yangu Zuhura, Mungu amrehemu. Kesho arobaini yake, nataka watu wamsikie. Sina sauti yake nyingine. Nikitoka sokoni nitaipitia."

Nikaifungua. Fyuzi ilikuwa imekatika. Kwenye kofia yake ya bati palikuwa na namba: nusu ampea. Katika kopo letu za nusu zilikwisha. Zilibaki za ampea tano, urefu uleule, unene uleule. Mzee alinionya mara ngapi kwamba fyuzi haipimwi kama kiatu, eti ikiingia basi! Lakini niliona aibu mama yule arudi nimwambie bado. Nikapachika ya tano. Wala sikujiuliza ile ya kwanza ilikatwa na nini. Redio ikawaka, nikaiacha kaswida icheze hadi mwisho huku nikichomelea waya za redio nyingine. Mama aliporudi nikamwambia, "Imepona."

Kesho yake akaja tena, redio ameifunga kwenye khanga. Watu walikuwa wamekaa mkekani, akabonyeza, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha moshi ukatoka. Transfoma ilikuwa na hitilafu, ikivuta umeme kupita kiasi. Ikachemka hadi ikashika moto. Walipoimwagia mchanga, plastiki ilikuwa imeyeyuka pamoja na kaseti.

Fundi Anselmo, aliyekuwa amekwisha rudi, hakunigombeza. Alichokonoa kwenye majivu, akatoa ile fyuzi yangu, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nzima.

"Hii ndiyo iliyopaswa kufa," akasema. "Umeinyima kazi yake, kimekufa kingine."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja siku ya pili tu.

Jioni nikaenda kuomba radhi. Bi Mwanaidi alinikaribisha uji. Kisha akauliza kwa upole, "Jana ulipoijaribu, ilicheza yote?"

"Ilicheza yote, mama."

"Basi wewe ndiye wa mwisho kumsikia mwanangu. Pale katikati alipokuwa akivuta sauti, alisemaje? Maneno yananipotea."

Nikatafuta kichwani, nikakuta mtupu. Nilisikia kwamba redio inalia, Zuhura sikumsikia. Nikamwambia kweli. Akainamisha uso, akanisamehe, na msamaha ule unaniuma mpaka leo, uzee huu.

Kwa hiyo wewe unayeshika bisibisi leo, soma namba kwenye kofia ya fyuzi, au kwenye kifaa chenyewe, uweke ileile. Usizidishe ili mteja afurahi. Usiviringishe karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara mahali pake, usifunge uzi wa waya. Najua mnafanya, msinidanganye. Ikikatika tena, usiilaumu, tafuta kilichoikata, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na viko vitu havijengeki tena. Ukikosa ya kipimo chake, mwambie mwenye mali, "Sina, subiri." Aibu yake ni ya dakika moja.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe macho ya kusoma vidogo na moyo wa kusema sina. Na kila watakachokukabidhi watu, wakirudi wakikute.