Choo cha yacht kilivyomfukuzisha kazi kapteni wangu

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Nina jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana na leo nalitoa. Ni langu mwenyewe, sikusimuliwa. Pale nitakapoonekana mjinga, msinionee huruma, nilikuwa mjinga kweli.

Wanaokula, malizeni kwanza. Huu ni uzi wa choo.

Mimi ni Mduruma wa Kinango. Kuogelea nimejifunza ukubwani. Nilipata kazi kwenye yacht ya mzungu mmoja, mashua ya matanga inayotia nanga upande wa kisiwa cha Chale. Mwenyewe anaishi ng'ambo, huja mara mbili kwa mwaka na familia yake. Katikati ya hapo huwaachia marafiki zake waitumie.

Aliyenipa kazi ni Kapteni Omari, Mdigo wa Msambweni, mtu mzima, miaka mingi juu ya chombo hicho hicho. Alinichukua bila cheti chochote, kwa sababu tulipokutana Ukunda nilimwamkia vizuri. Alisema mtu akiwa na adabu, mengine yanafundishika.

Kazi yangu ilikuwa kuosha deki, kupika, na kulala mle ndani kama mlinzi. Yeye jioni alirudi kwake.

Sasa choo cha mashua si kama cha nyumbani, wakuu. Kuna pampu ya mkono pembeni ya bakuli. Ukiipiga, inavuta maji ya bahari na wakati huo huo inasukuma uchafu kwenye mpira mnene. Mpira unapanda, unapinda, unashuka kwenye tangi. Tangi likijaa, mnaenda nje kabisa ya mwamba, mnafungua valvu, mnamwaga.

Siku ya kwanza kapteni alinionyesha. "Piga mpaka ufike ishirini, mwanangu. Usichoke."

Nikasema ndiyo, kapteni.

Mwaka wa pili choo kikaanza visa. Pampu ikawa nzito. Ukipiga, bakuli linajaa badala ya kushuka. Na harufu yake, astaghfirullah, hata mimi Mkristo nilisema hivyo.

Na wageni walikuwa wanakuja baada ya wiki mbili. Mwenye mashua, mkewe, na mama yake mzee, bibi wa watu ambaye hajawahi kufika Kenya. Kapteni akasema, "Huyu bibi hatuwezi kumtia aibu."

Tukaanza kutafuta. Kwanza tulidhani ni tangi limejaa. Tukatoka nje ya mwamba, tukamwaga. Ikalegea siku moja, ikarudi pale pale.

Kapteni akasema labda ni pumzi. Tangi lina kijibomba cha kutolea hewa, kikiziba uchafu hauna pa kuingia. Tukakikuta kimezibwa na tope la nyigu! Tulifurahi, tukapongezana, nikapika pilau. Siku tatu tu, mambo yakawa yale yale.

Tukafungua pampu. Ndani mna valvu ya mpira yenye mdomo kama wa bata, kazi yake ni kuzuia uchafu usirudi. Ilikuwa imechakaa, tukaagiza nyingine Mombasa. Kapteni alilala kifudifudi kwenye kijichumba ambacho hata mbuzi hageuki, uso umekaribia kabisa kile kitu, na hakutukana hata mara moja. Mimi nilitukana kwa niaba yake.

Tukafunga, ikapiga vizuri. "Alhamdulillahi," akasema, akampigia mwenye mashua kumwambia choo kimepona.

Siku ya pili ya safari, yule bibi akaingia chooni. Alipopiga pampu, mpira ukagoma, na kila kitu kikamrudia. Miguuni, kwenye nguo, sakafu nzima. Tulimsikia akilia humo ndani. Mkwewe, mke wa mwenye mashua, alipofungua mlango, bibi alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Tukageuza mashua, tukarudi. Mwenye mashua hakupiga kelele. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba kapteni ndiye anayejibu kwa kila kitu chomboni, na huyu alimwambia choo kimepona. Basi kazi imekwisha.

Kapteni akasema, "Ni kweli, mimi ndiye kapteni." Akachukua mfuko na mswala wake. Nikampeleka ufuoni kwa kiboti cha mpira. Njia nzima alichoniuliza ni kama nimekula.

Wiki iliyofuata akaletwa fundi kutoka Shimoni. Huyu hakuhangaika na pampu wala tangi. Alikata ule mpira mnene.

Wakuu, ndani mlikuwa na ukoko. Mweupe, mgumu, kama wa sufuria iliyosahauliwa jikoni, umezunguka mpira wote. Tundu lililobaki, kidole changu cha mwisho hakipiti.

"Mnapiga pampu mara ngapi?" akaniuliza.

Nikajibu bila kufikiri. "Mbili, tatu."

Akaweka kisu chini. "Wee! Unaibania bahari maji?"

Akanieleza kwamba ukipiga kidogo, mkojo na uchafu vinalala humo kwenye mpira, vinakutana na maji ya chumvi, vinaganda siku baada ya siku. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiishi mle. Na wageni wote mimi ndiye niliyewaonyesha choo. Mbili, tatu, inatosha.

Niwaambie, si kwa kujitetea. Kwetu maji yanafuatwa na punda. Maji ya kuoshea vyombo yananywewa na mbuzi. Nikiwa mdogo nilichapwa kwa kumwaga nusu kikombe. Basi mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Nimezungukwa na bahari yote hiyo, lakini nikifika ya tatu naona naharibu. Ile ishirini niliitikia kwa adabu tu.

Sasa hapa ndipo mtanitukana.

Mwenye mashua alipouliza tatizo lilikuwa nini, fundi alinitazama, akasema mpira ulizeeka. Nami nikanyamaza. Niliogopa kurudi Kinango mikono mitupu. Nikanyamaza miezi mitatu.

Mwishowe nilishindwa kulala, nikamwandikia mzungu ukweli wote. Akajibu ananishukuru kwa uaminifu, ila ameshapata kapteni mwingine na ameridhika naye. Niendelee na kazi. Hata kunikasirikia hakunikasirikia! Nililia kama mtoto.

Nikaenda Msambweni. Kapteni hakuwa amepata chombo kingine. Habari ilishasambaa, na watu wa ufuoni walishampa jina, Kapteni Choo.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mkewe akatuletea wali na samaki. Nilimweleza yote tonge likiwa mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanimiminia maji ninawe, akaniulizia hali ya mama, akanisindikiza mpaka barabarani.

Pale barabarani akasema, "Nimekusamehe. Mbele ya Mungu sikudai kitu. Lakini hapa kwangu usije tena."

Akageuka, akarudi ndani.

Nilichojifunza, wakuu: mtu mzima akikwambia ishirini, piga ishirini, au muulize kwa nini. Usiitikie tu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo wakati maneno yako bado yana faida kwa mwenzako. Yangu yalifika yakiwa hayana kazi.

Tangu hapo nimezunguka kwa wenye mashua, mmoja mmoja, nikiwaambia kosa lilikuwa langu, Kapteni Omari ni mtu safi. Wananisikiliza. Wiki iliyopita mmoja alinisikiliza vizuri kabisa, akanipa chai, halafu akaniuliza kama ninamjua kapteni mwingine wa kumwajiri.

Mliowahi kumharibia mtu jina, mlilirudishaje? Semeni chochote, hata matusi nitasoma.