Kifuniko Tumboni mwa Mbwa

Kule Mkongani tulimfuga mbwa kwa sababu ya nyani wanaovamia mahindi, na mama alikuwa akimkwepa asije akamtia najisi. Siku moja mbwa huyo akala mafuta yangu ya midomo, yale yanayonukia nazi, akameza na kifuniko. Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alisema mafuta yale yatamharisha tu; hatari ni kifuniko kuziba utumbo, basi tukague kinyesi. Mimi nilikataa katakata. Mama ndiye aliyemfuata shambani siku mbili, kijiti mkononi. Kifuniko kilipotoka, alimkumbatia mbwa kwa furaha. Kisha akakumbuka. Nilimmwagia mama maji mara saba, mojawapo kwa udongo, na mara zote saba alikuwa akinifokea: “Nazi ni chakula! Mbwa ana kosa gani?”