Matofali ya Mwaka wa Uchaguzi

Mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, pale Katumba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haki ya kupiga kura, na hakuna aliyezungumza jambo lingine. Tulikuwa wakimbizi kutoka Burundi. Wazazi wangu walifika na mafurushi kichwani, mimi nikazaliwa hapohapo na kusoma hapohapo, lakini hata mimi niliyeujua wimbo wa taifa kuliko mwalimu wangu nilihesabiwa mgeni. Swali lilikuwa moja, asubuhi kisimani na jioni kwenye pombe: Mheshimiwa atagombea tena au hagombei?

Mheshimiwa alikuwa mbunge, mtu wa upande wa Mpimbwe, na wenye kura zao walimpenda kwa sababu zao. Sisi tulikuwa na sababu moja. Kwenye mkutano mjini Mpanda mtu alisimama akauliza wakimbizi watarudishwa kwao lini, naye akajibu kwamba hao ndio wanaolima mahindi na maharage mnayokula, waacheni. Maneno hayo yalitufikia yangali ya moto. Na yule aliyekuwa akikinyemelea kiti chake alisema wazi kila alikopita kwamba akipata yeye, malori yatakuja kutubeba.

Kwa baba yangu, habari yote hiyo ilikuwa habari ya matofali. Alikuwa ameyafyatua kwa mikono yake kiangazi kilipoanza, akayapanga kando ya migomba na kuyafunika kwa nyasi. Yalikuwa bado mabichi, na tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa tope. Kuyachoma kulitaka kuni nyingi na nguvu za watu wengi, na mtu hachomi tofali la nyumba atakayohamishwa kesho yake.

"Akigombea nachoma," alimwambia mama. "Asipogombea, basi."

Mama akamuuliza kama Mheshimiwa ana habari kwamba anasubiriwa na rundo la udongo. Baba hakucheka.

Kila aliyepata kibali cha kwenda mjini alirudi na dalili. Mheshimiwa kaonekana stesheni akishuka kwenye treni na mizigo mingi, basi kaleta fulana za kampeni. Hapana, hivyo ni vyombo vyake, anarudi nyumbani moja kwa moja. Gari lake liko gereji linapigwa rangi, kwa hiyo anagombea. Linapigwa rangi ili aliuze. Kanenepa, maana yake keshatulia. Kakonda, maana yake ana mipango. Mimi nilikuwa na umri wa kuposwa na ulimi usiojua kupumzika, nikawaambia, "Nyie hata akipiga chafya mtaitafutia maana." Nikakaripiwa. Lakini sikuondoka pale, nilitaka kusikia dalili inayofuata.

Kisha ikaja habari kwamba anakuja kwetu. Atasali misa nasi, halafu atapumzika nyumbani kwa katekista, na katekista alikuwa baba yangu. Mama aliivisha ndizi shimoni, akakamua, akaitengeneza pombe tunayoiita urwarwa kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona hata kwenye harusi. Baba aliazima kiti kanisani.

Nilikuwa nimejitengenezea jitu kichwani. Aliyeshuka kwenye gari alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, viatu vimejaa vumbi, shati limelowa mgongoni. Hata hivyo nilishikwa na mshangao ambao mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Ndiye huyu. Neno lake moja tu lilikuwa limetuweka mahali tulipo. Alimpa mama mkono kwa mikono miwili. Kiti cha kanisani alikipita, akaketi kwenye kigoda kama wengine. Mtungi uliwekwa katikati na mirija ndani yake, akashika mrija, akavuta kidogo, akampisha wa jirani, utadhani kalelewa na sisi.

Na hakuna aliyemuuliza. Kwetu mgeni haulizwi safari yake, akitaka ataisema mwenyewe. Baba, ambaye kwa miezi hakutuacha tupumue, alimwuliza juu ya ugonjwa wa mihogo. Mwingine akauliza habari za tumbaku. Nilisimama mlangoni nimeuma mdomo, nikitamani niseme mimi, na nikijua kwamba nikisema nitakuwa nimemwaibisha baba yangu mbele ya Katumba nzima.

Mheshimiwa akainuka. Sasa, kwetu mgeni anapoinuka hupewa pombe kidogo ya mwisho, ya kung'olea mkuki. Zamani mgeni aliuchomeka mkuki wake langoni, na kinywaji hicho ndicho kilichompa ruhusa ya kuung'oa na kwenda zake. Ukiondoka bila kunywa, mkuki wako bado umesimama kwa watu, bado hujaaga. Mama akaja na kibuyu kidogo, akapiga goti. Mheshimiwa akakifunika kwa kiganja chake, taratibu.

"Hii niwekee, mama," akasema.

Akatabasamu, akapanda gari, wakaondoka.

Mama alibaki palepale amepiga goti. Gari likakata kona kwenye migomba. Kisha jirani yetu akasema kwa sauti ndogo, "Kaacha mkuki." Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika mwisho wa makazi: Mheshimiwa kaacha mkuki, atarudi, anagombea. Watu wazima walikumbatiana njiani.

Mimi nilimfuata mama jikoni. Nikamwambia yule ni mtu wa Mpimbwe, mambo ya mikuki yetu kayajulia wapi, pengine kashiba tu.

"Nyamaza," mama akasema. "Unataka baba yako asichome?"

Kesho yake baba alichukua shoka. Hakumwita mtu, lakini watu walikuja, kila mmoja na gogo lake begani, hata wale ambao hawakuwa na tofali hata moja. Walipanga tanuru likawa refu kuliko nyumba yetu ya nyasi, wakalikandika udongo, wakawasha moto midomoni mwake. Joto lilitusukuma nyuma hatua kwa hatua. Moshi ulipita juu ya migomba, kanisa na shule, na watu walisimama wakiutazama kwa nyuso zile za wakati wa ekaristi. Jirani yetu alirudi kwake akapanda miparachichi, mti ambao kwa miaka yote alikataa kuupanda kwa kuwa unachelewa kuzaa. Niliogopa na kufurahi kwa pamoja. Sikuwahi kuona watu wakiamini kiasi kile.

Tanuru lilikuwa linapoa redio ilipotaja majina ya wagombea. La Mheshimiwa halikuwamo. Aliyetuahidi malori alikuwamo. Baadaye waliotoka mjini walituletea maelezo: Mheshimiwa alikuwa na vidonda vya tumbo, daktari alishamkataza pombe, na ameamua kupumzika. Ile aliyovuta kwenye mtungi wetu aliivuta ili asituvunjie heshima. Ya mwisho ilimshinda. Nilimhurumia sana, na huruma hiyo haikuipunguza hata kidogo heshima niliyompa.

Niliyemwogopea ni baba. Nilimkuta kwenye tanuru, amelifungua upande mmoja, anachomoa matofali. Aligonga mawili, yakalia kwa sauti kavu, safi.

"Yameiva," akasema.

"Baba, hagombei."

"Nimesikia."

"Na malori?"

"Yakija yatakuta nyumba."

Akaendelea kuchomoa. Malori hayakuja mwaka ule, wala uliofuata, lakini siku ile baba hakuwa na namna ya kulijua hilo, na hakukuwa tena na mtu wa kusubiriwa aamue kwa niaba yake. Niliitazama mikono yake iliyojaa vumbi jekundu. Mshangao wote niliokuwa nimempa mtu wa kwenye gari, nikaona ulimstahili huyu, na hata hivyo haukumtosha.

Wiki hiyohiyo akachomeka vigingi, akavuta kamba kutoka kona hadi kona. Watu walikuwa wakitoka kwenye mikutano ya kampeni wakipita barabarani kwa baiskeli, na kofia mpya vichwani. Baba akaniita, akanisimamisha ndani ya kamba, mahali penye nyasi tupu, akaniambia hapo ndipo chumba changu.

"Dirisha unataka litazame wapi?" akaniuliza.

Nchi nzima ilikuwa inaulizwa inamtaka nani. Mimi katika maisha yangu nilikuwa sijaulizwa kitu, na nyumba nilimozaliwa haikuwa na dirisha. Niligeuka pande zote nne, naye akanisubiri, kamba mkononi. Nikamwambia litazame barabarani.