Siku Tulipofungua Ziwa

Mto Tana ni wa wote. Ukitaka kutupa ndoana humo alfajiri au jioni, hakuna atakayekuuliza. Lakini ziwa letu, ule mkunjo wa mto wa zamani ambao mto wenyewe uliuhama na kuuacha nyuma ya mashamba, lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni kijiji kizima. Mafuriko ya masika yalilijaza maji na samaki. Maji yakirudi mtoni, samaki walibaki, na ziwa likafungwa. Hakuna aliyetia hata unyayo mpaka kiangazi kikaze, miezi ile ya upepo mkavu kabla ya vuli, maji yashuke yafike kiunoni. Hapo ndipo wanawake walipoitwa.

Wanaume hawakuitwa. Walikuwa na mitumbwi yao na migono yao ya kutega mtoni, na masimulizi yao ya samaki waliowaponyoka, ambao kila mwaka walizidi urefu. Ziwa lilikuwa letu.

Tulivua kwa matenga. Tenga la kuvulia halina kitako. Limesukwa kwa fito nyembamba, chini pana, juu jembamba kiasi cha kupitisha mkono. Wanawake hujipanga mstari mmoja kutoka ukingo huu hadi ule, bega kwa bega, wakisonga mbele pamoja na kukita matenga kwenye tope. Tenga likitikisika, umepata mtu. Unaingiza mkono kwa juu, unapapasa gizani, na hapo kila mmoja na bahati yake. Kuna perege, ambaye mwiba wake wa mgongoni hauna adabu. Kuna kambare, anayeteleza kama sabuni. Na kuna yule mnono wa magamba makubwa na midomo minene, anayenyonya tope chini kutwa nzima; sisi tulimwita mla-tope, na ndiye tuliyempenda kuliko wote, maana akikaushwa kwa moshi hukaa mpaka mvua zirudi bila kuharibika.

Kulikuwa na mamba pia. Nalisema hili bila kulipamba kwa sababu na sisi tulilichukua hivyo. Mstari ukiwa mmoja, wanawake wakipiga maji na kupiga kelele, mamba hujitenga. Mstari ukikatika, ukabaki peke yako na kelele yako, hiyo ni shauri yako na yeye.

Ndiyo maana kijijini kwetu palikuwa na sharti, na vijiji vingine sijui. Kabla ya kuingia majini, kila mwanamke alisimama ukingoni akasema kinyongo alichonacho na mwenzake yeyote aliyepo. Akisema kwa sauti, aliyetajwa ajibu, kisha washikane mikono. Asiye na neno aseme hivyohivyo: sina neno. Lakini ole wake aliyesema hana naye analo, kwa maana ziwa halipokei kinyongo, na mamba, tuliambiwa, anakinusa. Siku hizi nikifikiria naona wazee wetu wa kike walikuwa na akili zao. Utampigia kelele vipi mwenzio aliye hatarini, na moyoni unamwombea mabaya? Wakati ule sikufikiria hivyo. Niliamini mamba ananusa, basi.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimeshaposwa, najiona mtu mzima mwenye kauli, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuruhusiwa mstarini. Lakini furaha yangu ilikuwa na doa, kwa sababu nilijua mama yangu ana neno, na nilijua hatalisema.

Misimu michache nyuma, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, alishikwa na homa wakati mmoja na mama. Baba alikuwa Malindi akitafuta kibarua. Mama alikesha na mtoto akitumaini homa itashuka, na kulipokucha, mwenyewe hawezi hata kusimama, akamkabidhi shangazi yangu, dada wa baba, ampeleke Garsen kwa tabibu. Shangazi akampakia mtumbwini, akaanza kupandisha mto. Alirudi alasiri. Mtoto alikuwa amekufa.

Tungezika tukalia yakaisha, kama si jirani mmoja, mwanamke aliyekuwa akipalilia shamba lake ng'ambo ya mto. Huyo alieleza, kwa huruma nyingi kama wanavyoeleza watu wa aina yake, kwamba alimwona shangazi kwenye kona ya kwanza tu. Mtumbwi umefungwa. Shangazi amekaa kivulini, mtoto mapajani, mdomo unakwenda, anatafuna muwa. Akakaa hapo mpaka jua likapinduka.

Mama alipofikishiwa maneno hayo hakupiga kelele wala hakuuliza. Tangu siku ile alimjibu shangazi salamu zake zote, moja moja, lakini shangazi akiingia jikoni kwetu, mama hukumbuka kuni zilizoko nje. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikaa nikiungoja mshindo huo, na nilimchukia shangazi kwa niaba ya mama, tena kwa bidii.

Miaka iliyofuata mama hakwenda ziwani. Mwaka mmoja alisema mgongo, mwaka mwingine akasema mguu. Nyumba isiyotoa mwanamke aliyeolewa mstarini haina fungu la samaki, kwa hiyo tulikula vya kupewa, na mama kula kwake cha kupewa ni kama kumeza mchanga. Mwaka ule mafuriko yalikuja makubwa yakazoa mpunga na mahindi. Kwa baba, aliyekuwa bado Malindi, hakukuwa na habari ya maana. Bila samaki wa kukausha tusingeifikia vuli. Alfajiri ya siku ya ziwa mama akachukua tenga lake, akaniambia, "Twende."

Nikamuuliza, "Na lile neno, mama?"

"Neno gani?" akasema, akatangulia.

Sijapata kuogopa njia fupi kama ile. Niliona wazi kitakachotokea. Mama atasimama ukingoni aseme hana neno, ataingia majini, na jioni nitarudi nyumbani peke yangu.

Tulikuta wanawake wamejaa. Upande wa pili wafugaji wa Kiorma walikuwa wameshafika na ng'ombe wao, wamekaa mbali kwa heshima. Mapatano yao na wazee wetu yalikuwa ya zamani: sisi kwanza asubuhi, ng'ombe wanywe mchana. Wenyewe samaki hawamtaki hata kwa dawa, nasi tuliwashangaa kama walivyotushangaa.

Aliyesimamia ziwa alikuwa bibi mmoja mfupi, mtafuna tumbaku, mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani. Tulimwita mama wa ziwa. Akaanza kutupitia mmoja mmoja, na mwanzoni ilikuwa vicheko. Mmoja alidai kuku wake ameliwa na mbwa wa fulani. Fulani akajibu kuku mwenyewe alikuwa mwizi. Wakashikana mikono. Zamu yangu ilipofika, nikasema kwa uchungu kwamba binamu yangu aliazima leso yangu mpya akairudisha imeungua tundu. Binamu akasema tundu lilikuwepo. Nikataka kumjibu, mama wa ziwa akanikata: "Shikaneni mikono, wali wa harusi yako hautapikwa na leso, utapikwa na huyo."

Kisha akafika kwa mama.

"Sina neno," mama akasema.

Mama wa ziwa alimtazama, akatema tumbaku kando. "Rudia."

"Sina neno, mama."

"Mwanangu," yule bibi akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi nimezika watu wawili wa ziwa hili. Tenga lako liweke chini, ukae hapo na ng'ombe. Huingii."

Mama alibaki amesimama, tenga mkononi. Najua alichokuwa akikihesabu, kwa sababu na mimi nilikuwa nakihesabu: ghala tupu na kiangazi kilichobaki. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya.

"Wifi," mama akasema hatimaye. Hakumtazama shangazi, alikuwa akiyaangalia maji. "Nilikupa mwanangu umpeleke Garsen. Ukafunga mtumbwi ukakaa kivulini ukatafuna muwa mpaka akakufia. Hilo ndilo neno langu. Nimekaa nalo, na leo nimelisema."

Shangazi alikuwa mwisho wa mstari. Alikuja taratibu, wanawake wakimpisha, akasimama mbele ya mama.

"Sikutafuna muwa," akasema. "Muwa ningeupata wapi, wifi, mwezi ule?"

"Umeonekana."

"Nimeonekana mdomo unakwenda. Nilikuwa namwimbia."

Mama akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Alikata roho hata kona ya kwanza hatujafika," shangazi akasema. "Nilikuwa nasukuma upondo, nikaona kimya. Nikafunga mtumbwi nikamchukua mapajani. Alikuwa keshakwenda. Nikamwimbia hivyohivyo, sikujua nifanye nini kingine. Ningemrudisha saa ile, na wewe uko kitandani unaweweseka, tungezika wawili. Basi nikakaa naye. Nikamfukuzia nzi. Nikangoja homa yako ishuke."

"Na baadaye?" mama akauliza. "Siku zote hizi? Kwa nini hukuniambia?"

Shangazi akatazama chini. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi kwa kawaida, mcheshi, mpenda harusi, na sasa kila neno lilimtoka kama linavutwa kwa kamba.

"Niliwasikia wanavyosema. Nikaona, nikikwambia alikufa mapema vile, utarudi nyuma uanze kuuhesabu usiku ule uliokesha naye. Utasema ningemtoa jana yake. Utasema nimechelewa." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikaona bora unichukie mimi. Mimi naweza kukaa nayo. Wewe usingeweza kukaa na hiyo nyingine."

Yule jirani mpalilia shamba alikuwepo, naye akainamia tenga lake kama aliyeona fito imelegea. Mimi nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. Nilikuwa nimemchukia mtu huyu kwa raha zangu kabisa, naye alikuwa amekubali kuchukiwa ili mama yangu aweze kulala usiku.

Lakini sikumwangalia shangazi. Nilikuwa nikimwangalia mama, kwa sababu niliona lile neno alilokuwa amekingwa lisimfikie muda wote ule limemfikia sasa. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliweka tenga chini polepole.

"Nilichelewa?" akauliza. Aliuliza kama mtoto anavyouliza.

Shangazi akamshika mikono yote miwili.

"Hukuchelewa, wifi. Homa ndiyo iliyowahi."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezika na mimi, nimeambiwa maneno mengi ya kufariji na watu wenye elimu ya dini na ya dunia. Sijasikia la kulipita hilo. Wala sijui hadi leo kama lilikuwa kweli. Huenda usiku mmoja ungeweza kumwokoa mtoto yule, huenda usingeweza; Garsen yenyewe, ukifika, huna hakika ya kumkuta tabibu wala dawa. Shangazi hakuwa akimpa mama hukumu. Alikuwa akimpa kitu cha kushika.

Mama wa ziwa hakuharakisha mtu. Ng'ombe wa Kiorma walilia kiu upande wa pili, na mfugaji mmoja akasimama kuangalia kulikoni, akakaa tena. Kisha yule bibi akaokota tenga la mama, akampa mkononi. Akampanga shangazi upande wake wa kushoto na mimi upande wa kulia. Tukashuka. Ukingo ulikuwa unateleza, na maji yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi chini.

Mstari ukaenea ziwa zima. Mama wa ziwa akapiga maji kwa kiganja mara moja, nasi tukapiga wote, na matenga yakaanza kukitwa. Samaki walikuwa wengi mwaka ule. Nilipata mla-tope katika tenga langu la tatu au la nne, mnono, nikapiga ukelele wa furaha, nikamgeukia mama nimwonyeshe.

Alikuwa akilia. Hakulia kwa kujificha, alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na mikono yake ikiendelea na kazi: anakita, anapapasa, anatoa, anamtupia samaki shangazi amtunge kwenye kamba. Shangazi anapokea, anatunga, naye analia. Wanawake wote walikuwa wakipiga kelele za kufukuza mamba, na kilio cha wale wawili kikaenda humo humo, wala hakuna aliyewaambia wanyamaze, mpaka tukafika ukingo wa pili.