Babu alinikonyeza, nikamletea maji

Leo nimemfungisha babu yangu kwa kumhurumia.

Tangu nimalize kidato cha nne niko nyumbani tu, ndiyo naanza kujifunza karata. Tunacheza wawili wawili. Leo Babu kanichagua mimi niwe mwenzake badala ya kaka; kaka akacheza na Mama. Nilitaka sana asijute.

Katikati ya mchezo akaanza kupepesa jicho.

Mnalijua vumbi la Dodoma. Nikaweka karata chini, nikakimbilia maji.

"Pole Babu, nawa."

Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kaka akapiga kelele, "Babu kashika turufu kubwa! Anamkonyeza mwenzake!"

Kumbe ilikuwa ishara. Na sasa wote wameijua.

"Lakini Babu, si ndiyo kuangalizia huko, kama kwenye mtihani?"

"Ukionekana ndiyo kuangalizia."

Huyu ni mzee wa kanisa, jamani.

Tukafungwa. Nikainuka nimpishe kaka.

"Unakwenda wapi? Kaa. Mwenzangu ni wewe."

Nikakaa, nimefurahi kweli. Mzunguko uliofuata Babu akakohoa, akajikuna sikio, akavua kofia, akaivaa tena.

Mpaka sasa sijui ipi ilikuwa ishara. Nyie kwenu mnajuaje?