Fundi Sikio na gari la mkunga lililogoma kuwaka

Saa tatu asubuhi mwanga unapenya kwenye matundu ya misumari ya mabati na kudondoka vipande vipande juu ya gari dogo la buluu iliyopauka. Vumbi linaelea ndani ya mwanga huo polepole, kama halina pa kwenda. Mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu ameinamia injini, shavu la kulia karibu liguse chuma, macho ameyafumba. Ukimkuta hivyo utadhani amepitiwa na usingizi.

Anapunga mkono. Mumewe, fundi cherehani, amekaa kwenye usukani na utepe wake wa kupimia nguo ukining'inia shingoni. Anazungusha ufunguo. Stata inalalamika, injini inakohoa, inapiga chafya moja kupitia kabureta, kisha inanyamaza.

Ni siku ya tisa.

"Haijakataa," anasema mwanamke huyo, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Ingekuwa imekataa ingekaa kimya tangu mwanzo. Inataka kusema kitu, mimi ndiye sijakielewa."

Mtaani wanamwita Sikio. Ana miaka hamsini na sita, na thelathini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia kwenye gereji hii aliyoachiwa na baba yake. Jina alilipata akiwa msichana, kwa sababu alikuwa akisimama mlangoni na kutaja ugonjwa wa gari kabla dereva hajalizima. Majirani wakatania kwamba Sikio akipita tu nje ya nyumba yako anajua mume gani kanuniwa.

Gari la buluu ni la mkunga mstaafu wa miaka sabini na minane. Alilitumia miaka thelathini na mmoja kuwafuata akina mama waliokuwa wakijifungulia mbali na zahanati. Kisha injini ilikwama, na likalala nyuma ya nyumba yake chini ya turubai kwa miaka kumi na mmoja. Kuku wa jirani waliligeuza kiota.

Mwaka huu binti yake, anayeishi mji mwingine, alimwomba ahamie kwake. Alitaka kukodi lori lipakie vitu vyote, mama mtu akae mbele na dereva. Mkunga hakukubali.

"Nilimwambia sihamishwi kama kabati," anakumbuka mkunga. "Nitakwenda, lakini nitafika kwa gari langu. Yeye aje aliendeshe, mimi nikae kando yake nimwonyeshe kona."

Sikio aliichukua kazi hiyo. Kwa miezi minne alifungua injini yote, akapeleka silinda kuchongwa upya, akaweka pistoni mpya, akasugua valvu moja moja mpaka zikakaa sawasawa. Alipokaza nati ya mwisho, mkunga aliletewa kiti ashuhudie. Gari likapiga chafya. Mkunga akasema pengine lina mafua ya turubai, wakacheka, wakaahidiana kesho.

Kesho ikawa siku tisa. Petroli ilikuwa inafika, maana aliifuata kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta. Plagi zilikuwa zinatoa moto mzuri, wa rangi ya samawati. Hewa haikuvuja popote. Kila alichokipima kilikuwa kizima, na vyote kwa pamoja vilikataa kuwa injini. Binti wa mkunga alikuwa anawasili Ijumaa jioni, na safari ilipangwa Jumamosi.

Kilichomtesa Sikio zaidi hakikuwamo ndani ya gari.

Miaka miwili iliyopita sikio lake la kushoto lilianza kuvuma kama ganda la konokono wa baharini, kisha likazimika. Daktari alimwambia neva imekufa, na kwamba hata la kulia linapungua, hawezi kusema litadumu muda gani. Habari hiyo ilikaa baina yake na mumewe tu. Zamani alikuwa akipokea magari sita kwa wiki. Sasa yakizidi mawili anashukuru.

"Watu walidhani najivuna," anasema. "Mtu ananisemesha upande wa kushoto, mimi nampita kama mlingoti wa umeme. Wengine nikawauliza jambo mara mbili, wakaona fundi hayuko makini. Na mimi ningewaambiaje? Niwaambie Sikio hasikii?"

Akajikuta anapenda kulala kuliko kufanya kazi. Usingizini, anasema, masikio yote mawili yanafanya kazi. Siku zile tisa alikuwa akiliota gari la mkunga likiwaka kila mara. Alisikia petroli ikipita kwenye bomba, valvu zikigonga taratibu kama mvua ya kwanza, hata upepo wa feni. Akiamka, chumba kilikuwa kimejaa pamba. Alikaa kitandani muda mrefu akijaribu kuishika ile sauti kabla haijayeyuka.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, mkunga anakuja kuuliza hali na kukaa kwenye kiti chake cha siku zote. Kiti kiko upande wa kushoto wa Sikio. Anamwambia jambo, hajibiwi. Analirudia kwa sauti ya chini zaidi, kwa makusudi. Kisha anainuka, anazunguka gari lote akijishikilia, anasimama upande wa kulia na kumuuliza imeanza lini.

Sikio anajifanya hakuelewa. Mumewe anashuka garini na kuanza kukunja utepe ambao haukuhitaji kukunjwa. Mwishowe Sikio anasema yote, huku akiitazama spana iliyo mkononi mwake.

Mkunga hampi pole. Anamsimulia kwamba naye, katika miaka yake ya mwisho ya kazi, alikuwa hausikii tena moyo wa mtoto kupitia kile kipaza sauti cha mti wanachoweka tumboni. Alificha karibu mwaka mzima. Hadi mama mmoja aliyekuwa kwenye uchungu alipoushika mkono wake na kuubana tumboni, ndipo akakumbuka kwamba hata kabla ya kile kipaza sauti alikuwa na viganja.

"Sasa niambie, mwanangu," anasema. "Humu ndani, ni wapi ulipotegemea sikio peke yake?"

Mwanga umesogea kutoka paani mwa gari hadi kwenye mabega ya Sikio. Anaweka spana chini.

Anaeleza, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, kwamba pistoni hupanda juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi. Mara moja inabana hewa na petroli, na hapo ndipo moto unatakiwa kuja. Mara ya pili inasukuma moshi nje. Alama iliyochongwa kwenye puli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, kuonyesha pistoni iko juu, huonekana vilevile mara zote mbili. Yeye miaka yote huchomoa plagi ya kwanza, injini inazungushwa taratibu, naye anausikia mfyonyo wa hewa inayobanwa, ndipo anajua ni mara ipi kati ya hizo mbili. Safari hii alisikiliza hivyo hivyo.

"Nilisikia kitu," anasema. "Au nilitamani kusikia."

Anachomoa plagi ya silinda ya kwanza na kuziba tundu kwa kidole gumba. Mumewe anaizungusha injini kwa spana, pole pole, mpaka anamwambia alama imefika. Kidole hakihisi chochote. Anamwomba azungushe tena. Alama inazama, inazunguka, inarudi, na safari hii hewa inakisukuma kidole mpaka kinaachia.

Anafungua distributa, kile kikasha kinachogawa moto kwa silinda zote nne. Mkono wake mdogo wa ndani umeelekea silinda ya nne. Ulitakiwa uelekee ya kwanza. Kwa siku tisa moto wote ulikuwa unafika wakati wa moshi.

"Nusu mzunguko tu, mama watoto," mumewe anasema.

"Nusu mzunguko," anaitikia, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo anatabasamu.

Kurekebisha kunachukua dakika ishirini. Mkunga anaomba ufunguo auzungushe mwenyewe. Mara ya kwanza stata inazunguka bure, mara ya pili injini inashtuka, mara ya tatu inawaka. Moshi mzito unajaza gereji, kisha unapungua, na gari zima linatetemeka kwa utulivu.

Sikio hainamishi kichwa. Ameweka viganja vyote viwili juu ya injini, macho yamefumbwa.

"Katoto kamelia," anasema mkunga kutoka kwenye usukani, kwa sauti ile ile ambayo huenda aliwaambia nayo maelfu ya akina mama.

Jumamosi waliondoka saa moja asubuhi. Safari ilikuwa ya saa tano, wakasimama mara mbili injini ipoe. Mkunga alipiga simu kwa fundi cherehani, maana anajua Sikio hapendi simu, kumweleza kwamba wamefika na kwamba binti yake anakata kona vibaya.

Tangu hapo Sikio amewaambia wateja wake wote. Wawili hawajarudi. Wengine wamezoea kusimama upande wa kulia, na mmoja ameanza kumchorea matatizo ya gari lake kwenye karatasi, ingawa picha zake, Sikio anasema, zinafanana na mbuzi.

Mwezi ujao anaanza lori la mwoka mikate lililosimama miaka mingi. Na amenunua daftari la kurasa mia mbili. Humo anaandika kila ugonjwa wa injini unavyohisiwa mkononi: beringi iliyolika, valvu iliyobana, pistoni iliyolegea. Amefika ukurasa wa saba.

"Natumai nitalijaza kabla sikio la kulia halijaniaga," anasema. "Nikichelewa si neno, kuandika hakuhitaji kusikia. Nataka siku moja fundi kiziwi, mtu nisiyemjua kabisa, alifungue, aweke mkono pale nilipoandika, akute ni kweli."